Kiti Kimoja kwa Osman

Wivu ninao. Nianze na hilo, msije mkasema baadaye kwamba nilificha. Kuna watu huzaliwa na sauti nzuri, wengine na miguu ya kukimbia; mimi nilizaliwa na wivu. Mama yangu kule Homa Bay husema nilimwonea wivu hata mdogo wangu alipougua surua, kwa sababu alikuwa akipikiwa uji wa peke yake.

Kwa hiyo msingoje niwaambie kwamba Gentrix nilimpenda siku aliyoingia ofisini.

Ofisi yetu iko Kisii mjini, juu ya duka la vyuma, kwenye jengo linaloitwa kwa Osman. Mwambie mwenye bodaboda "nipeleke kwa Osman" na hatakuuliza Osman yupi. Huyo Osman mwenyewe sijawahi kumwona. Nilipokuja mjini nilikuta alishazikwa zamani. Alikuwa baba mkwe wa bosi wetu, Hawo, ambaye sisi humwita Mama Ayan kwa jina la binti yake. Duka la chini ni la Mama Ayan, jengo ni lake, na kampuni ya intaneti iliyotuajiri ni yake, lakini kote huko ni kwa Osman.

Kampuni yenyewe hurusha intaneti kwa milingoti, kilima hadi kilima: Nyakoe, Tabaka, mpaka Ikonge kwenye majani chai. Ikikatika, mteja anapiga simu, na simu nilikuwa nashika mimi. Naitwa Pam. Kushika simu si kazi ya kila mtu, hata kama mnacheka. Watu wa huku hawaanzi na shida. Mtu intaneti yake imekufa tangu jana na mnunuzi wa ng'ambo anamngoja, lakini ataanza na salamu: Bwakire. Nawe ujibu: Bwakire buya. Kisha watoto, kisha mvua, kisha ng'ombe kama alizaa. Shida inakuja mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ndiyo imekumbukwa sasa hivi. Ukimkatiza katikati ukamwuliza "shida yako ni gani," umemtukana. Atakata simu akae na shida yake, na mwezi ujao atahamia kampuni nyingine.

Wageni wote huingia kwenye shimo hilo. Mimi pia ni mgeni, Mjaluo kati ya Wakisii, lakini sikuingia. Niliwajua watoto wao kwa majina. Mzee Manasseh wa Tabaka, anayenunua vinyago vya mawe kwa wachongaji na kuviuza nje, nilijua bintiye Nyanchera alifanya mtihani lini na goti lake humuuma lini, akipanda au akishuka. Mwaka wa kwanza aliniletea jogoo wa jiwe. Jogoo huyo akakaa mezani kwangu akishikilia karatasi, na hata mdomo ulipomeguka sikumtoa.

"Nipe Pam." Hivyo ndivyo walivyosema wakipigiwa na mtu mwingine. Mtu akikwambia neno kama hilo si kitu, muulize kama aliwahi kuambiwa yeye.

Sasa Gentrix. Alitoka Kisumu, alikokuwa akijibu wateja wa kampuni kubwa. Mama Ayan alimleta kwa sababu wateja walizidi, na wengi walianza kuandika badala ya kupiga. Msichana aliandika bila kutazama vidole. Isitoshe, alikuwa na adabu, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Mwenye maringo unamchukia kwa raha zako, mbele za watu. Mwenye adabu anakulazimisha umchukie kimyakimya, na kimya huchosha.

Hazikupita siku nyingi Mzee Manasseh akapanda ngazi akihema, na furushi la magazeti kwapani. Nikasimama nimpokee. Akaniamkua, akauliza habari za nyumbani, kisha akanipita na kuliweka furushi kwenye meza ya Gentrix. Ndani mlikuwa na twiga wawili, shingo zimepindana, wamesuguliwa mpaka wanang'aa.

"Mwanangu, mnunuzi wangu angekuwa amekwenda," akamwambia. "Ulinijibu upesi sana."

Gentrix akashukuru kwa mikono miwili. Mimi nikamtazama jogoo wangu asiye na mdomo. Nilihisi joto likinipanda shingoni, na sikuwa na homa.

Lakini mambo ya ofisi yalikuwa yameharibika kweli, hilo nakubali. Mteja anapiga kwangu, anaandika kwa Gentrix, anaacha ujumbe kwenye ukurasa. Shule moja ya upande wa Nyakoe ilijibiwa na sisi wawili, kila mmoja na jibu lake. Mama Persis, mwenye saiba, lile duka la kompyuta pale Ikonge, hakujibiwa na yeyote, kwa maana kila mmoja alidhani mwenzake amemjibu. Mama Ayan akatuita mezani kwake, sisi wawili pamoja na Calvince, fundi wetu wa mitambo. Calvince ni Mjaluo mwenzangu wa Rongo, huniita nyaminwa, yaani dada yetu.

"Tunataka programu moja ya kukusanya maneno yote ya wateja pahali pamoja," Mama Ayan akasema. "Naambiwa ziko aina mbili. Elezeni."

Calvince akaanza, na macho yakamng'aa. "Ya kwanza ni programu huria, Mama. Walioitengeneza wameiacha wazi. Unaichukua bure, unaiweka kwenye mashine yako, unaifungua, unaibadilisha unavyotaka. Ni kama kufuga ng'ombe. Maziwa ni yako, lakini zizi utafagia mwenyewe. Ya pili ni maziwa ya pakiti. Mwenyewe anakaa na ng'ombe wake huko mbali, wewe unalipa kila mwezi, unakunywa."

"Na hiyo ya pakiti wanauza vipi?"

"Kwa kiti," Gentrix akajibu. "Kila mtu anayejibu wateja analipiwa kiti chake."

Mama Ayan akafikiri kidogo. Yeye ni mfanyabiashara wa ukoo wa wafanyabiashara, hazungushi maneno. "Basi nisikilizeni, nisije nikalaumiwa. Tukitumia ya Calvince, mtakaa wote. Tukitumia ya kulipia, nitalipia kiti kimoja. Kwa programu kama hiyo mtu mmoja anatosha, na yule mwingine tutaagana vizuri. Zijaribuni zote mbili, kisha ninyi mnaoshika kazi mtaniambia ipi. Pam, wewe ndiwe wa zamani. Neno lako nitalipa uzito."

Mmeona basi. Uchaguzi ulikuwa mwepesi hata kwa mtoto wa nasari. Upande mmoja viti viwili, upande wa pili kimoja.

Katika majaribio mimi nilipewa ya Calvince, Gentrix akashika ya kulipia kwa sababu aliijua tangu Kisumu. Programu ikamwuliza jina la mwenye kiti, akaandika lake. Kuanzia hapo kila jibu lililotoka lilikuwa na "Gentrix" chini yake, na mteja akiridhika anabonyeza nyota. Nyota hizo zilitokea kwenye kioo chake, za manjano, na kutoka nilipokaa niliziona zote. Jamani, hebu fanya kazi wewe huku nyota za mwenzako zinakuwakia pembeni.

Ya Calvince ilikuwa nzuri. Naisema kweli hata kama inaniumiza. Nilimwambia nataka pahali pa kuandika majina ya watoto wa mteja, nisisahau kuwasalimia. Akafungua matumbo ya programu, akaniwekea palepale. Gentrix alipoomba pahali kama hapo kwenye yake, wenye programu walimjibu kwamba wamepokea maoni yake na wanayathamini. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe. Ilipiga vilima vyote vya Nyakoe, mlingoti ukainama na laini yetu ikaenda nao. Mimi nilikaa mbele ya kioo changu kimya, nikidhani wateja wametulia. Kumbe mashine ya Calvince ilikuwa imewekwa stoo nyuma, kwenye laini ileile iliyoanguka, kwa hiyo hakuna lalamiko lililoweza kuingia. Yaani ilizibwa masikio wakati ule ule wa kusikia. Gentrix upande wa pili alikuwa amewasha bando la simu yake na anawajibu watu wote, mmoja baada ya mwingine, na nyota zikamwagika.

Calvince aliona haya. "Hilo ni kosa langu, si la programu," akasema. Wiki hiyohiyo akaihamishia kwenye mashine ya kukodi iliyo mbali na milingoti yetu. Akachomoa laini ya ofisi makusudi, tukajaribu kwa simu, na programu ikasimama imara. Jambo likaisha. Niliona kwa macho yangu kwamba limeisha, na naomba mlikumbuke.

Siku chache kabla ya kuulizwa, Gentrix alinifuata kibandani nilipokuwa nakula ugali na mboga ya chinsaga. Akaketi, akaagiza kama changu.

"Dada Pam, Mama Ayan akituuliza, tuseme ya Calvince."

Nikamtazama.

"Ile nyingine nimeizoea, lakini ina kiti kimoja," akaendelea. "Mimi sitaki kukutoa. Na wewe sidhani unataka kunitoa. Nimeleta mtoto wangu shule ya hapa muhula huu, nimechoka kuhamahama."

Nilitafuna. Mboga ilikuwa chungu inavyotakiwa.

"Tena nimekuwa nikikusikiliza unavyosalimia wateja," akasema, akitabasamu. "Nami nimeanza kuwaandikia hivyo. Naanza na Bwakire, nawauliza watoto, nawaambia habari za wangu. Juzi Mama Persis aliniuliza kama mtoto amezoea shule. Wanapenda sana."

Angeniibia pochi ningemsamehe. Pochi unanunua nyingine. Salamu zile nilizijenga mimi, mtu mmoja baada ya mwingine, mvua na jua, na huyu ameketi pale anazila kama ugali wa kununua, tena ananiambia ni tamu. Nikanawa mikono, nikalipa changu na kuondoka.

Njiani kichwa kikaanza kunipikia maneno. Mjuzi wa ile ya kulipia ni yeye. Nyota ni zake. Mbona aikimbie? Nikajijibu mwenyewe: ananiogopa. Anajua kiti kikibaki kimoja ni changu. Na hata kama haniogopi, tukichagua ya Calvince, atakaa pale, yeye na twiga wake, mpaka nipate mvi. Kila asubuhi nitaziona zile shingo zilizopindana. Hapana. Mimi si mtu wa kugawana.

Calvince lazima alinusa kitu, maana alinisimamisha kwenye ngazi. "Nyaminwa, usicheze na hili. Kwa ile yangu wote mnabaki. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nikamwambia achunge mashine yake.

Siku ilipofika, Mama Ayan alituagizia chai ya tangawizi kabla ya kuuliza, na hiyo kwake ni dalili ya jambo zito. Gentrix alianza. Alisema programu zote mbili zinafanya kazi, lakini ile huria inakubali kubadilishwa iendane na watu wetu, na watu wetu hawafanani na wa kwingine. Alisema kwa ufupi, kisha akanitazama kama mtu aliyeshika mwisho mmoja wa meza akingoja mwenzake ainue.

"Mimi naona ya kulipia," nikasema.

Nikaendelea upesi. "Mvua ya mawe ilipopiga, ya Calvince ilizima wakati wateja wanalia. Mimi nilikuwa hapo, nilikaa kama sanamu. Programu inayolala siku ya msiba ni ya nini? Wateja si watu wa kujaribiwa."

"Nilishaitengeneza," Calvince akasema taratibu. "Na wewe ulikuwepo."

"Ulitengeneza hilo. Kesho je?"

Kila neno lilikuwa na sababu yake, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri. Ningezisikia kwa mtu mwingine ningempigia makofi. Gentrix aliweka kikombe chini, akatazama mikono yake.

Mama Ayan akazungusha chai. "Pam amekaa hapa miaka mingi. Akisema zizi linavuja, siwezi kununua ng'ombe. Basi tuchukue ya kulipia." Kisha akatutazama sote wawili. "Kiti ni kimoja. Gentrix ni mjuzi, lakini aliyekichagua ni Pam, na mtu akichagua kiti, akikalie. Gentrix, utanisamehe."

Nilifurahi. Sitawadanganya. Nilishuka chini nikanunua soda baridi, nikainywa nimesimama barabarani, na ilinipita kooni tamu kuliko soda yoyote niliyowahi kunywa.

Nilipopanda, Gentrix alikuwa akiwafunga twiga wake kwenye leso. "Hongera, dada," akasema, na hakukuwa na kejeli, ningeijua. Akaniachia nywila, akanionyesha pa kubonyeza. "Jina kwenye kiti bado ni langu. Libadilishe mapema."

"Nitalibadilisha," nikasema, huku nimemshikia mlango, ili aelewe mlango uko wapi.

Asubuhi iliyofuata niliketi peke yangu. Meza ya pili ilikuwa tupu, na nilifurahia utupu wake. Laini yangu ya simu, ile iliyokuwa ikilia mchana kutwa, Calvince alikuwa ameitia ndani ya programu, na kifurushi tulichonunua hakina kupigiana simu, ni kuandikiana tu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliingoja simu ilie, haikulia. Kikaja kipande cha maneno kwenye kioo.

"Bwakire Gentrix."

Nikaandika salamu zangu, ndefu, nzuri, za kutoka moyoni. Zikaondoka na chini yake pameandikwa Gentrix.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ayan. Alikuwa dukani chini, anahesabisha misumari. "Mama, lile jina kwenye programu. Nataka niweke langu."

"La nini?"

"Mimi ndiye ninayejibu."

Akaniangalia kwa huruma, vile mtu humwangalia mgeni asiyejua bei za soko. "Pam, jina hilo lina nyota mia na ushei. Tukilifuta, zinafutika nalo, nimeuliza. Wateja wamelihifadhi kwenye simu zao. Wewe umeketi kwa nani hapa?"

"Kwa Mama Ayan."

"Kwa Osman," akasema. "Uliza huko nje. Nimeuza misumari hapa nusu ya maisha yangu, nimejenga ghorofa, nimesimamisha milingoti, na bado ni kwa Osman. Nilipoolewa nilitaka kubadilisha kibao, mume wangu akacheka. Jina la duka halibadilishwi likishazoeleka. Mimi nimekaa ndani ya jina la marehemu na nimekula vizuri. Wewe kaa ndani ya Gentrix."

Nikapanda juu kwa Calvince. Alikuwa akinyonya muwa. "Ile yangu," akasema, akatema, "ningekuandikia jina lako kwa herufi za dhahabu ukitaka. Hii si yangu, nyaminwa." Na akarudi kwa muwa wake.

Nikafanya kazi. Ningefanya nini? Mwanzoni nilijibu kwa ukavu, ili Gentrix aharibike jina. Siku mbili tu, nikashindwa. Mkono umezoea kusalimia, unasalimia wenyewe. Nikarudi kuwauliza watoto, mvua, magoti. Na nyota zikaja, nyingi kuliko za kwake, za manjano zile zile, zikipangana chini ya jina lile. "Gentrix, Mungu akubariki." "Gentrix, uko na roho safi." "Gentrix, wewe ni mtu wetu." Nilizisoma meno yakiwa yameumana. Hapo ndipo nilipojua kwamba wivu hauna macho, maana nilimwonea wivu yule msichana kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Alikuwa hayupo, na bado alinishinda kila siku.

Kisha Mzee Manasseh akaja tena. Nilimsikia kwenye ngazi, lile goti, nikasimama. Alikuwa na furushi la magazeti kwapani. Akaniamkua, akaketi, akatazama meza tupu.

"Msichana wenu siku hizi anafanyia kazi nyumbani?"

"Nani?"

"Gentrix." Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na ndege wa jiwe la waridi, mabawa yamefunguka, na chini yake mchongaji ameandika jina kwa herufi safi. Si langu. "Nimemletea hii. Mwanzoni alikuwa na haraka haraka za mjini, lakini sasa amekuwa mtu kweli. Anamwuliza Nyanchera. Goti langu anajua linaumia nikishuka. Ananisalimia kama wewe ulivyokuwa ukinisalimia zamani." Akanigeukia kwa upole. "Na wewe Pam, siku hizi wanakupa kazi gani hapa?"

Nikasema, kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko nilivyotaka, "Baba Nyanchera, huyo ni mimi. Gentrix alishaondoka. Ni mimi ninayekuandikia kila siku. Hayo ya goti ni mimi."

Mzee akamtazama ndege, akanitazama mimi, kisha akamtazama jogoo wangu asiye na mdomo. Alikumbuka twiga, nina hakika, na alikumbuka uso wangu siku ile ya twiga.

"Pam," akasema polepole, akiweka mkono wake juu ya wangu, mkono mkavu wenye vumbi la mawe. "Usiwe hivyo, mwanangu. Mwache mwenzako naye apate sifa zake."

Akaondoka akishuka ngazi moja moja, akiniachia ndege nimfikishie mwenyewe.

Nikamweka mezani, kando ya jogoo. Kioo kikalia. Alikuwa Mama Persis wa Ikonge, na kama kawaida hakuanza na shida.

"Bwakire Gentrix. Mtoto amezoea shule?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza mtoto alipelekwa wapi walipoondoka, wala kama alipata shule nyingine, wala hata jina lake. Vidole vilikaa juu ya vibonye muda mrefu, na Mama Persis akangoja, kwa maana huku watu hungoja salamu zao zijibiwe.

"Bwakire buya, mama," nikaandika. "Amezoea."